Niachieni Mimi: Ahadi ya Kulipa Deni la Mwingine

Udongo ukishasawazishwa juu ya kaburi na dua kuitikiwa, kabla watu hawajageuka kurudi msibani, mzee wa familia husimama na kutoa tangazo ambalo kila mtu wa Chumbi, huku Rufiji, amelisikia tangu utotoni: anayemdai marehemu aje kwa familia, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Mara nyingi papo hapo hutoka sauti ya mdogo wa marehemu, au ya mjomba, au ya mtoto mkubwa wa kiume: "Deni la kaka niachieni mimi." Watu huitikia kwa kuridhika. Hapo hapana karatasi, hapana mhuri, hapana mwenyekiti wa kijiji. Kuna kaburi bichi na watu mia waliosikia.

Tuseme miezi sita imepita. Mwenye duka aliyekuwa akimkopesha marehemu mbegu na dawa ya kupulizia mikorosho amekuja kudai chake, na yule aliyeahidi anasema siku ile alizungumza kwa uchungu tu. Je, neno lile linaweza kumpeleka mtu mahakamani? Na likifika huko, litasimama?

Swali hili huwa linajibiwa kwa haraka mno. Watu waliokaa mjini husema neno lisiloandikwa ni upepo. Wazee husema ahadi ni deni, na hapo wanafunga mjadala. Sheria ya nchi haisemi la wale wala la hawa, na ni vizuri tuifuate hatua kwa hatua, kwa sababu huku kusini mwa Daraja la Mkapa, kwenye barabara iendayo Lindi, maisha yanaendeshwa kwa mkopo kuanzia kulima hadi kuvuna, na nyuma ya karibu kila mkopo kuna mtu wa pili aliyesema, "Mpe, mimi nipo."

Tuanze na karatasi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa Tanganyika mwaka 1961, na sehemu yake kubwa ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 iliyohamishiwa kwetu karibu neno kwa neno. Ndani yake mkataba wa dhamana una watu watatu: anayedai, anayedaiwa, na mdhamini anayeahidi kulipa endapo mdaiwa atashindwa. Dhamana hiyo yaweza kuwa ya maandishi au ya mdomo. Kwa hiyo yule ndugu wa makaburini hawezi kujitoa kwa kusema tu kwamba hakuandika.

Kenya ni tofauti. Nayo ilikuwa ikitumia sheria ile ya India, lakini mwaka huohuo wa 1961 ikaiacha na kuifuata ya Uingereza. Leo Mkenya hashtakiwi kwa ahadi ya kulipa deni la mwenzake mpaka ahadi iwe kwenye maandishi na iwe na saini yake au ya mtu aliyemruhusu. Mzizi wa sharti hilo ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1677, ya kuzuia watu wasibambikiwe madeni kwa ushahidi wa uongo. Matokeo yake ni kwamba maneno yaleyale, yakisemwa kwenye mazishi ya namna ileile, huko Lamu yanakwama mlangoni mwa mahakama, na Chumbi yanaingia ndani na kusikilizwa. Pwani moja, lugha moja, na ahadi zenye nguvu mbili tofauti.

Lakini kusikilizwa si kushinda. Kitu cha kwanza ambacho hakimu atataka kujua ni yalisemwa maneno gani hasa, na hapa Kiswahili chetu cha ukarimu hutuponza. Mjomba akimwambia mwenye duka, "Mpe huyu mpwa wangu mifuko miwili ya mbolea, nitalipa mimi," huyo si mdhamini hata kidogo. Yeye ndiye mnunuzi, na mpwa ni mpokeaji wa mzigo tu. Mwenye duka anaweza kumdai mjomba kesho yake bila kumgusa kijana. Akisema, "Mpe, asipolipa njoo kwangu," hapo ndipo dhamana inapozaliwa, na deni la mjomba linaiva pale tu mpwa anaposhindwa. Mahakama ya Uingereza ilikwisha kutenganisha kauli hizi mbili mwaka 1704, na tofauti hiyo haijazeeka.

Kuna kauli ya tatu ambayo haina uzito wowote wa kisheria, nayo ni ile ya kumsifia mtu: "Huyu ni kijana wetu, mwaminifu, hana tabia mbaya." Mwenyekiti wa kijiji anapogonga mhuri kwenye barua ya utambulisho anasema hilo na si zaidi, ingawa nimesikia wakopeshaji wakiwatisha wenyeviti kana kwamba mhuri ule ni dhamana. Na kuna ile kauli pendwa kuliko zote, "Usiwe na wasiwasi, tupo." Tupo akina nani? Ukoo mzima? Aliyesema peke yake? Atalipa, au atakuja kumshauri mdaiwa alipe? Mwenye duka anayeondoka na "tupo" mkononi ameondoka na faraja, na ataona tofauti yake na ahadi siku atakaposimama mbele ya hakimu.

Tena, ahadi lazima imfikie anayedai. Dada akimwambia kaka yake jikoni, "Lile deni la duka nitakulipia," kisha mwenye duka akapata habari kwa watu, kwa kawaida hana cha kudai kwa dada. Aliyeahidiwa ni kaka.

Kisha linakuja jambo ambalo wengi hawalitarajii, nalo ndilo linaloamua kesi ya makaburini. Sheria ya Mikataba haitekelezi ahadi tupu. Inataka upande wa pili uwe umetoa kitu, au umeacha kitu, kwa sababu ya ahadi hiyo. Kitu hicho si lazima kimfikie mdhamini mwenyewe; kikimfaa mdaiwa kinatosha. Mwenye duka akikubali kutoa mbegu kwa mkopo kwa kuwa mjomba amesimama, mbegu zile ndizo zinazoifunga ahadi ya mjomba. Mbegu zikiwa zimeshatolewa wiki tatu zilizopita, halafu mjomba akapita dukani na kusema kwa hisani yake, "Na lile deni la kijana, akishindwa nitalipa," ahadi hiyo haina kitu cha kuishikilia, na mahakama itaiacha ianguke. Bado kuna njia ya kuiokoa: mwenye duka awe amejibu, "Sawa, basi simshtaki, namsubiri mpaka auze ufuta," na kweli akasubiri. Subira ile iliyoombwa na kukubaliwa ni kitu tosha.

Rudi sasa makaburini. Mbegu na dawa zilitolewa marehemu akiwa hai, kwa kumwamini yeye. Ndugu aliposema "niachieni mimi", mwenye duka hakutoa chochote kipya. Ikiwa aliitikia tu na kurudi nyumbani, kesi yake dhidi ya yule ndugu ni dhaifu mno. Ikiwa alikaa naye baada ya arobaini wakaelewana kwamba hatalipeleka deni kwa msimamizi wa mirathi, atamsubiri ndugu hadi msimu wa korosho, basi ana mkataba.

Hapa niseme jambo ambalo linaniuma kila ninapoona vijana wakihangaika nalo. Mtoto harithi deni la baba yake. Deni la marehemu linalipwa kutoka katika mali aliyoiacha, kabla warithi hawajagawana, na mali ikiisha deni limeishia hapo kisheria. Mjane hadaiwi kitanda chake mwenyewe, wala kijana hadaiwi shamba alilonunua kwa jasho lake, mpaka wawe wamejifunga wenyewe. Lile tangazo la makaburini linawaita wadai waje kwa familia ili deni lijulikane; haliifanyi familia kuwa mdaiwa.

Najua msomaji wa Rufiji atanijibu kwamba yapo yaliyo mazito kuliko mahakama. Ni kweli, na si ya kupita juujuu. Katika fiqhi, dhamana ni ahadi ya hisani, haihitaji malipo wala badala. Kila aliyesoma madrasa anakijua kisa cha jeneza lililoletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akajizuia kumswalia maiti kwa sababu ya deni la dinari chache, mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile, ndipo akaswali. Katika sura ya Yusuf, mtangazaji wa mfalme anaahidi shehena ya ngamia kwa atakayeleta kopo lililopotea, naye anajifanya mdhamini wa ahadi hiyo. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, yanaiona dhamana ya deni la maiti kuwa sahihi na yenye kumfunga aliyeitoa. Abu Hanifa hakukubali pale maiti asipoacha kitu, lakini huku kwetu rai yake haikushika mizizi.

Kwa hiyo mtu yuleyule, kwa neno lilelile, amefungwa kwa dini yake na yuko huru kwa sheria ya nchi yake. Ndiyo maana mashauri mengi ya namna hii hayafiki mahakamani. Yanaishia barazani kwa shehe, au kwa watani wanaomkumbusha mtu ahadi yake kwa utani mkali mbele ya watu mpaka anachoka. Utekelezaji huo una nguvu kubwa. Una kasoro yake pia, kwa sababu humbana mwenye haya na kumwacha asiye na haya, na mwanamke mjane ndiye huwa na haya kuliko wote.

Ushahidi nao si mgumu kama watu wanavyodhani. Katika madai ya kawaida anayedai hatakiwi kuondoa kila chembe ya shaka kama kwenye kesi ya jinai. Ushahidi wake unatakiwa kuwa mzito kuliko wa mwenzake. Mashahidi wawili waliosimama dukani siku ile na daftari la duka lenye tarehe vinaweza kutosha. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, hata ujumbe wa simu unaosema "mwache, nitamalizia mimi mwezi ujao" ni ushahidi unaopokelewa. Na anayedai ana miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba. Akilala zaidi ya hapo, muda umemwangusha.

Hadi hapa nimezungumza juu ya mjomba, mpwa na mwenye duka, watu wanaojuana. Hofu yangu kubwa haiko kwao. Iko kwa wale wanaokuja na fomu.

Mikopo ya vijijini siku hizi imejengwa juu ya mdhamini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia benki, kupita kampuni za kukopesha zisizopokea amana, kisha SACCOS, hadi vikundi vya kijamii kama VICOBA. Karibu katika madaraja yote hayo mkulima asiye na hati ya ardhi anaulizwa swali moja: nani anakudhamini? Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, nayo hutolewa kwa vikundi, na mzigo wa marejesho ni wa kikundi kizima. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudishwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Na chini ya yote kuna mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina hilo linatosha.

Siku ya kusaini, ofisa mkopo humwambia mdhamini maneno ya kupunguza uzito: saini hapa, ni kukamilisha faili tu. Mdhamini anaondoka akiamini mambo matatu yasiyo kweli.

La kwanza, kwamba mkopeshaji lazima ammalize kwanza mkopaji. Hapana. Wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji, riba na gharama zikiwemo, isipokuwa mkataba umesema vingine. Marejesho yakikatika, mkopeshaji ana hiari ya kuanza na yeyote, na hakuna mkopeshaji mwenye akili atakayemfuata kijana aliyekwenda kuchimba madini wakati mdhamini yuko nyumbani na bati zake zinaonekana kutoka barabarani.

La pili, kwamba wakiwa wadhamini watano kila mmoja anadaiwa fungu lake. Mkopeshaji anaweza kumdai mmoja zote. Huyo aliyelipa ndiye anayegeuka kuwadai wenzake wanne mafungu yao, na pia anasimama mahali pa mkopeshaji dhidi ya mkopaji mwenyewe, akiwa na haki ya dhamana yoyote iliyowekwa, iwe pikipiki au hati. Haki hii ni kubwa na karibu haitumiki kabisa vijijini, kwa kuwa aliyelipa huwa anaona aibu kumshtaki shemeji yake.

La tatu, kwamba mkopeshaji na mkopaji wakibadili mkopo hakuna linalobadilika kwake, linanigusa zaidi kwa sababu ya maji. Aprili 2024 mto ulifurika Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama, na watu waliokuwa na marejesho ya kila wiki wakabaki na pole. Mkopeshaji muungwana katika hali hiyo humwita mkopaji na kumwongezea muda, au kuandika mkopo upya. Ni jambo jema, lakini tazama linavyomgusa mdhamini. Sheria inasema mkopeshaji na mkopaji wakikubaliana kubadili masharti au kuongeza muda bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anatoka katika kifungo. Alidhamini mkopo wa miezi sita wa kulima mpunga. Hakudhamini mkopo mpya wa mwaka mzima. Mkopeshaji akikaa kimya tu, akavumilia bila makubaliano, mdhamini bado yumo. Tofauti kati ya kuvumilia na kukubaliana inaweza kuwa tofauti kati ya kuuza mbuzi na kutouza, na sidhani kama kuna ofisa mkopo anayekwenda kumweleza hivyo mdhamini. Zaidi ya hapo, fomu nyingi huweka kifungu kinachomfanya mdhamini akubali mapema mabadiliko yote yajayo. Haki ambayo sheria imempa anaipoteza kwenye ukurasa wa tatu, mara nyingi kwa Kiingereza, ingawa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu.

Tulilolisema kuhusu Kenya sasa linaonekana kwa sura nyingine. Sharti la maandishi lilikusudiwa kumlinda mdhamini asibambikiwe. Kwa mkulima wa Chumbi maandishi ndiyo mtego. Neno la mdomo alilitamka mwenyewe, kwa lugha yake, mbele ya watu wanaoweza kusema alisema nini. Fomu ilitamkwa na mwingine, akaweka dole gumba. Kama ningeulizwa, ningeiacha dhamana ya mdomo iendelee kati ya majirani, na ningembana anayekopesha kama biashara: asiwe na haki ya kumdai mdhamini mpaka awe amempa nakala ya Kiswahili, amemsomea mbele ya mtu asiye wa kampuni, na kiwango cha juu anachoweza kudaiwa kimeandikwa kwa tarakimu.

Hilo si wazo la ajabu. Mwaka 1993 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisikiliza shauri la binti aliyekuwa na miaka 21 alipotia saini kumdhamini baba yake kwa marki 100,000. Kipato chake kilikuwa ujira wa kiwanda cha samaki, na ofisa wa benki alikuwa amemwambia saini ile ni ya faili tu. Mahakama ikasema majaji hawawezi kuufumbia macho mkataba unaomwelemea mtu kupita kiasi kwa sababu upande mmoja ulikuwa na nguvu zote. Uingereza nayo, mwaka 2001, ilizitaka benki zihakikishe mke anayemdhamini mume wake amepata ushauri wa mwanasheria kabla ya kusaini. Nchi hizo hazikufilisika, na benki zao bado zinakopesha.

Turudi kwetu: hukumu ikishatoka, kuikazia ni safari nyingine. Mkopeshaji hana mamlaka ya kuingia nyumbani kwa mdhamini na kubeba godoro na televisheni, hata kama amekuja na mgambo. Kama hakuna kitu kilichowekwa rehani kihalali, ni mahakama inayotoa amri, na dalali wa mahakama ndiye anayeitekeleza. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inaviweka kando nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za kazi, nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake, na shamba la mtu ambaye riziki yake yote inatoka humo. Polisi nao si wakusanya madeni. Kushindwa kulipa si kosa la jinai, na mdhamini anayewekwa mahabusu ili ndugu zake wachange amekamatwa kwa jambo ambalo sheria haikuliita kosa, ingawa kifungo cha madai kwa amri ya mahakama bado kipo vitabuni.

Ninapoyawaza haya huwa narudi kwenye daftari la duka, lile lenye jalada gumu linalowekwa chini ya mizani. Linaandikwa jina la mkopaji, bidhaa na bei. Nafasi ya jina la pili haipo. Mwenye duka angechora mstari mmoja zaidi na kuandika mbele ya mjomba: anadhamini nani, kiasi gani mwisho, mpaka msimu upi, na kwamba mzigo umetoka kwa sababu ya neno lake, kisha mjomba akasoma au kusomewa, akaupiga picha ukurasa ule kwa simu yake, ndipo mfuko wa mbegu ukapandishwa kwenye baiskeli.